Utangulizi: Mkono Kabla ya Noti

Anayeingia katika taaluma ya kufundisha watoto muziki hutarajia kuanza na noti. Sisi tunaanza na chupa. Chukua chupa nne za kioo, zitie maji kwa viwango tofauti, kisha mpe mtoto kijiko. Akizigonga, yenye maji mengi hutoa sauti nzito. Sasa mwambie apulize midomo ya chupa zile zile: mambo yanageuka, yenye maji mengi ndiyo yenye sauti nyembamba! Watoto hucheka, halafu hubishana. Anapogonga, kinachotikisika ni kioo, na maji hukilemea. Anapopuliza, kinachotikisika ni hewa iliyo juu ya maji, na hewa ikipungua sauti hupanda. Mwalimu asiwahi kuyaeleza hayo. Ubishi wao ndio somo.

Huko Ujerumani, njia hii ilipata sura ya kitaaluma kwa Carl Orff, aliyeanzisha shule mjini Munich mwaka 1924 pamoja na Dorothee Günther. Humo kucheza na kupiga ala vilikwenda pamoja. Marimba ndogo zilizotokana na kazi yake na ya Gunild Keetman zina vipande vinavyochomoka, hivyo mtoto huachiwa sauti tano tu na hata akibahatisha hapotei sana. Ala hizo ziliiga kwa sehemu marimba za Afrika, jambo ambalo walimu wetu wengi hawaambiwi.

Kwa mtoto wa hapa, mimi ningetanguliza ilimba ya Wagogo, ala aliyoivusha mipaka Hukwe Zawose wa Dodoma. Vyuma vyake hubanwa juu ya kisanduku cha mbao. Ukisukuma chuma kimoja ndani kidogo, sehemu inayochezwa na kidole gumba hufupika na sauti hupanda. Mtoto husikia akiwa bado anasukuma. Kwenye tundu la kisanduku hubandikwa utando wa buibui, ndio unaoleta ule mvumo. Mwache apige bila utando, kisha aubandike mwenyewe. Kununua filimbi za plastiki za kutoka ng'ambo ilhali fundi wa ilimba yupo kijiji cha jirani ni ubadhirifu.

Sura zinazofuata zimepangwa kwa jinsi sauti inavyozaliwa: kwa kugonga, kutikisa, kupuliza na kudonoa nyuzi. Noti zimewekwa mwisho kabisa, na mwalimu asiyezijua asiogope kuanza.