UGANDA: DAWA YA KUSIKILIZANA



Katika ukurasa huu wa Nchi Jirani tumezoea kueleza habari za mishahara na mikataba. Safari hii tunaeleza habari ya maradhi yasiyotoa damu wala kuvimbisha mguu, lakini humwangusha mfanyakazi kama malaria inavyomwangusha. Ni ile huzuni nzito ambayo madaktari wanaiita sonona. Mtu halali, chakula hakishuki, kazi inamshinda, na nyapara anaandika kwamba ni mvivu.

Tutazame walivyofanya wenzetu wa Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda. Huko Kasensero, kando ya Ziwa Victoria, ndiko ugonjwa wa UKIMWI ulikoanza kutambuliwa nchini humo mwaka 1982. Watu waliuita Slim kwa sababu ulikondesha. Miaka ishirini baadaye karibu kila boma lilikuwa na kaburi jipya, na waliobaki hai walibeba mzigo wa yatima na wa majonzi. Waganda wenyewe walikuwa na jina la hali hiyo: okwekyawa, yaani mtu kujichukia.

Dawa za hospitali zilikuwa ghali na madaktari wa akili walikuwa wachache mno. Kwa hiyo mwaka 2002 wataalamu kutoka Marekani, wakishirikiana na shirika la World Vision la Uganda, walijaribu tiba ya mazungumzo katika vijiji 30. Nusu ya vijiji hivyo ilikuwa ya kundi la wanaume, na nusu ya wanawake. Baadhi vilipata vikundi vya mazungumzo, vingine havikupata, ili matokeo yalinganishwe. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90 kila mara, kwa wiki 16.

Sasa tuulize: mtu aliyefunga moyo wake atafunguaje kinywa mbele ya wengine?

Kwanza, viongozi wa vikundi hawakuwa wageni. Walikuwa watu wa maeneo yale yale, wenye kusema Kiganda, waliofundishwa kazi hiyo kwa wiki mbili. Pili, wanawake waliongozwa na mwanamke, na wanaume na mwanamume. Tatu, kiongozi alianza kwa kuonana na kila mtu peke yake, akamweleza kwamba huo ni ugonjwa, si laana wala uzembe, na kwamba unapona. Nne, yaliyosemwa kikundini yalibaki kikundini.

Tena waliheshimu desturi. Kwa Waganda si adabu kumsema vibaya marehemu. Basi aliyefiwa hakulazimishwa kutaja makosa ya marehemu; aliulizwa kwa upole kama kuna wakati alivunjwa moyo. Hali kadhalika, mke aliyegombana na mumewe hakuambiwa akamkabili uso kwa uso. Wenzake walimsaidia kutafuta njia inayokubalika nyumbani kwake. Kiongozi hakuhubiri wala hakutoa amri. Alisikiliza, akauliza, na wanakikundi wakashauriana.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, kabla ya kazi kuanza washiriki 86 katika kila 100 walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki kama 7. Katika vijiji visivyo na vikundi, washiriki 94 katika kila 100 walipungua wakawa kama 55. Maana yake ni kwamba wako wanaopata nafuu wenyewe kadiri siku zinavyopita, lakini wenye kusikilizwa walipona wengi zaidi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mwongozo wa tiba hii ya vikundi, kitumike katika nchi nyingine.

Sisi wa viwandani na mashambani tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba uaminifu ndio msingi wa tiba. Mfanyakazi aliyefiwa, au aliyekatwa vidole na mashine, hatasema kweli ikiwa anajua kwamba maneno yake yatafika ofisini kwa meneja kabla ya zamu kwisha. Mshauri anayelipwa na mwajiri na kumpelekea taarifa za siri za mgonjwa si mshauri, ni mpelelezi.

Kwa hiyo matawi yetu yanapodai huduma ya ushauri kazini, yaandike mambo matatu katika mkataba: siri ya mgonjwa ilindwe, muda wa kuonana na mshauri uhesabiwe kuwa muda wa kazi, na mfanyakazi mwanamke apate mshauri mwanamke akitaka. Na mtu aliyezidiwa, hasa anayesema heri afe, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Chama kilianza kwa wafanyakazi kuketi pamoja na kuelezana shida zao. Kazi hiyo haijaisha.