Je, Wajua? Jiko la Mkaa Lisilotoa Moshi Ndilo la Kuogopa

Kipupwe kikikaribia, nyumba za vijijini Mbeya na Iringa hujiandaa. Makoti na masweta ya mitumba hugombaniwa sokoni Mwanjelwa, mianya ya milango huzibwa kwa matambara, madirisha hufungwa jua lingalipo. Ugali ukishaiva, jiko la mkaa lililokuwa barazani huingizwa ndani, watu waote moto. Kuziba mianya kunasaidia. Kuota moto kunasaidia pia. Vikikutana katika chumba kimoja usiku, vinaua.

Baridi yenyewe si ya kubeza. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo hufika mita 2,600, ambako alfajiri za Juni na Julai sakitu hulala juu ya nyasi. Miezi hiyo mawingu ni machache, hivyo joto la mchana hupotelea angani usiku. Bati lisilo na dari hupoa haraka mno. Tembe za Wahehe wa zamani, zenye paa nene la udongo, zilitunza joto vizuri kuliko nyumba nyingi tunazojenga leo.

Sasa tulitazame jiko. Hewa huingia kwa chini, ikapita kwenye matundu na kuukuta mkaa wa chini, ambao huungua na kutoa hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo inapopanda katikati ya mkaa mwekundu, huchukua kaboni zaidi na kugeuka kaboni monoksaidi. Ule mwali wa buluu unaochezacheza juu ya mkaa uliokolea ni kaboni monoksaidi inayoungua. Mwali ukizimika, majivu meupe yakaufunika mkaa, hewa hiyo huendelea kutoka, ila sasa haiungui tena. Inaingia chumbani. Na hapo ndipo wengi husema, “Moshi umekwisha, liingizeni.”

Kuni zina ukali wake, lakini moshi wake humtoa mtu machozi na kumlazimisha kufungua mlango. Mkaa umeshapoteza karibu vyote vinavyofanya moshi tangu ulipokuwa kwenye tanuri. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na haikohozeshi.

Katikati ya karne ya 19, mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba hewa hii huivamia damu. Himoglobini, inayobeba oksijeni mwilini, huishika kaboni monoksaidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa hiyo hata kiasi kidogo, kikivutwa kwa saa kadhaa, huijaza damu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, kisha usingizi. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wako hatarini zaidi. Tena huku kwetu nyanda za juu hewa ni nyepesi: Mbeya mjini, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani.

Jiko lililoboreshwa, lenye udongo wa kuchoma ndani, hupunguza matumizi ya mkaa, nami nalipenda kwa hilo. Halifanyi chumba kilichofungwa kuwa salama. Bakuli la maji kando ya jiko nalo halisaidii, kwa sababu kaboni monoksaidi haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana.

Ukiwa na fedha kidogo ya matengenezo kabla ya Juni, anza na dari ya chumba cha kulala, hata ya turubai. Oteni moto barazani au jikoni penye hewa, na jiko libaki huko mnapokwenda kulala. Kitandani, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa khanga hupasha miguu muda mrefu. Acha tundu la hewa juu ya dirisha, hata kama linaleta baridi.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango, mtoe nje, mkimbize hospitali, na mwambie daktari kwamba ndani kulikuwa na jiko la mkaa. Usipomwambia, anaweza kuanza kutafuta malaria.