Miongo ya Bajeti: Kalenda ya Kaunti kwa Mkazi wa Pwani

Wazee wetu wa pwani, kabla ya kalenda za karatasi kuenea majumbani, waliuhesabu mwaka kwa miongo, yaani kwa makumi ya siku, wakianzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua. Na kwa hesabu hiyo nahodha alijua lini atweke tanga na lini akipandishe chombo pwani, mkulima alijua lini apande na lini avune, na mvuvi alijua lini bahari itachafuka na lini itatulia. Elimu hiyo haikuwa pambo la wachache. Ilikuwa amana ya mji mzima, kwa maana aliyepitwa na mwongo alikosa upepo, na aliyekosa upepo alingoja mwaka.

Tangu mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya 2010, mkazi wa Lamu, sawa na wakazi wa kaunti nyingine 46, ana miongo mingine ya kuhesabu, nayo ni miongo ya bajeti. Mwaka wake huanza tarehe 1 Julai na kukoma tarehe 30 Juni. Una nyakati zake za kupanda na za kuvuna. Na anayepitwa na wakati wake hungoja mwaka, kama alivyongoja nahodha. Makusudio ya makala haya ni kuieleza hesabu hiyo kwa msomaji asiyekuwa mwanasheria wala mhasibu, kwa sababu nimesadiki kwamba raia wengi hawanyimwi haki zao kwa kukosa akili wala ari, bali kwa kufika gatini wakati chombo kimekwisha ng'oa nanga.

Tuanze na kiangazi, msimu ambao moyo wa mkazi wa pwani huwa mbali kabisa na mambo ya hesabu za serikali. Kaskazi inapovuma, tangu Desemba hata Machi, harusi huandamana, mashua hushindana, jamaa waishio mbali hurejea kuwazuru wazee wao, na wageni huja kuutazama mji wa Lamu, ambao mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tamasha la utamaduni, ambalo aghalabu hufanyika Novemba, huufungulia msimu huo mlango kwa mbio za punda, mashindano ya mashua, bao, kirumbizi na mashairi. Na Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, huzuru misimu yote kwa zamu, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo hurudi nyuma takriban siku 11 katika kila mwaka wa jua, hata ikitimia miaka 33 hivi huwa yamekwisha pita katika kusi na kaskazi, katika masika na vuli.

Mtu aweza kudhani kwamba furaha hizi na shughuli za serikali ni mambo mawili yasiyojuana. Katiba haikuyatenga. Jedwali lake la Nne, linapotaja kazi za serikali za kaunti, limezitia humo shughuli za utamaduni, michezo, burudani za umma, maktaba, makumbusho, bustani na fukwe, pamoja na zahanati na vituo vya afya, masoko, elimu ya chekechea, barabara za kaunti, vivuko na bandari. Fauka ya hayo, Ibara ya 209 imeiruhusu kaunti itoze kodi ya majengo na ardhi na kodi ya burudani. Kwa hiyo gati ambalo mashabiki wa mashindano ya mashua husimama juu yake, uwanja wanamochezea vijana, na taa zinazomulika njia ya waendao kwenye Maulidi usiku, vyote vyaweza kuwa mistari ndani ya bajeti. Na mstari wa bajeti ni jambo ambalo raia ana haki ya kuliuliza na kulitolea shauri.

Fedha zenyewe hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka katika mapato ya taifa zima, kwa kuwa Ibara ya 203 imeagiza kwamba kaunti zote zigawiwe kila mwaka fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato hayo yaliyokaguliwa. Sehemu nyingine ni kodi na ada ambazo kaunti hujikusanyia yenyewe. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeagiza kwamba angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, katika muda wa kati, ielekezwe kwenye maendeleo, ili mishahara na safari zisiimeze hazina yote. Huu ni mgao wa haki wala si sadaka ya mkubwa yeyote, na anayeuzungumzia hana haja ya kuinamisha kichwa.

Sasa tuihesabu miongo yenyewe, tukichukua mfano wa kijiji kimoja cha kisiwani ambacho gati lake limebomoka, hata maji yakipwa wazee na wajawazito hulazimika kushuka topeni na kushikwa mkono hadi nchi kavu. Watu wa kijiji hicho wataka gati jipya. Waanzie wapi?

Mwongo wa kwanza uko mwishoni mwa Agosti, kusi inapopungua nguvu na demani kuingia. Ifikapo tarehe 30 Agosti, waziri wa fedha wa kaunti hutoa waraka unaoeleza ratiba ya bajeti ya mwaka ujao na namna wananchi watakavyoshirikishwa. Na ifikapo tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka huwasilishwa mbele ya bunge la kaunti. Mpango huu ni orodha ya miradi inayokusudiwa, nao hutolewa katika mpango mkubwa wa miaka mitano. Mradi usioandikwa humo ni kama mgeni asiyealikwa: aweza kuja, lakini hakuandaliwa sahani. Basi watu wa gati yawapasa wawe wamekwisha sema kabla ya Septemba, na maneno yao yawe yamekwisha andikwa.

Mwongo wa pili ni tarehe 30 Septemba, ambapo kaunti hutoa mapitio ya bajeti iliyopita, ikieleza ilichokusudia kukusanya na ilichokusanya, ilichoahidi kutumia na ilichotumia. Asomaye mapitio haya hujua kama ahadi ya mwaka jana ilitimizwa kabla hajaipokea ahadi ya mwaka huu.

Mwongo wa tatu ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote, nao huangukia katikati ya kiangazi. Ifikapo tarehe 28 Februari, Hazina ya Kaunti hupeleka bungeni Waraka wa Mkakati wa Fedha, ambao huweka ukomo wa fedha za kila idara: afya kiasi hiki, maji kiasi hiki, uchukuzi kiasi hiki. Sheria imeamrisha kwamba katika kuutunga waraka huo maoni ya wananchi yatafutwe, na bunge la kaunti limepewa siku 14 baada ya kuupokea ili liuzingatie. Hapo ndipo huamuliwa kama idara ya uchukuzi itakuwa na fedha zitoshazo kujenga gati lolote, achilia mbali gati la kijiji hiki au kile.

Mwongo wa nne ni tarehe 30 Aprili, masika yakiwa yameshika, ambapo makadirio kamili ya mapato na matumizi hufika bungeni, na kamati ya bajeti hukaribisha maoni ya umma. Watu wengi, kama wahudhuria kikao chochote, huhudhuria hiki, na wengi hurudi wakinung'unika kwamba walisema lakini halikubadilika neno. Sababu moja imo katika Kanuni za mwaka 2015 za usimamizi wa fedha za kaunti: bunge linapoyabadili makadirio, haliruhusiwi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake. Ukomo huo uliwekwa kiangazi. Kwa hiyo anayekuja mwezi wa Mei kuomba gati, ilhali Februari idara ilikwisha pangiwa fungu dogo, anaomba maji katika mtungi uliokwisha pimwa. Hakukosea kusema, alichelewa kusema. Hatimaye, kabla ya tarehe 30 Juni, bunge huidhinisha bajeti, na kesho yake mwaka mpya wa fedha huanza.

Ibara ya 196 ya Katiba imelifaradhisha bunge la kaunti lifanye shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi, na Ibara ya 35 imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sharti hili lina meno: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu hiyo yafaa ikumbukwe na pande mbili: na maofisa, wasidhani kwamba tangazo dogo katika gazeti ambalo halifiki kisiwani latosha, na wananchi, wasidhani kwamba kuitwa kwao ni hisani.

Kusema nako kuna adabu yake. Neno lililotamkwa ukumbini laweza kupeperuka, lakini waraka hukaa. Andika barua fupi kwa karani wa bunge la kaunti au kwa msimamizi wa wadi yako. Taja kijiji, taja shida, taja watu inaowadhuru, taja ukurasa wa mpango au wa makadirio unaouzungumzia ikiwa umeuona, na useme wazi unataka nini kifanywe. Weka nakala, nayo itiwe muhuri wa kupokelewa. Iandike kwa Kiswahili pasi na haya yoyote, kwa kuwa Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi; na hati ya bajeti ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza pekee, omba muhtasari wake kwa lugha unayoielewa. Kaunti ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920 katika sensa ya 2019, nao wametawanyika katika wadi 10, tangu Kiunga mpakani mwa Somalia hata Witu na Hongwe bara. Mtu wa Kiunga aliyeitwa kikaoni mjini Lamu huwa ameombwa nauli ya chombo na kazi ya siku nzima. Ni haki yake kutaka kikao kimfuate wadini mwake.

Wala kazi haiishi bajeti inapopitishwa. Kila robo mwaka kaunti hupaswa kutoa taarifa ya fedha ilizopokea na ilizotumia. Msimamizi wa Bajeti, ambaye pasipo idhini yake fedha hazitoki katika mfuko wa kaunti, hutoa taarifa zake. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua mwaka wa fedha uliokwisha. Watu wa gati wakiona jina la kijiji chao katika bajeti, wasilale. Waulize robo ya kwanza kama zabuni imetangazwa, robo ya pili kama mkandarasi amepatikana, na robo ya tatu waende wakayatazame mawe kwa macho yao.

Nimesikia ikisemwa kwamba mambo haya ni mazito kwa watu wa kawaida. Mimi siliafiki neno hilo, na ushahidi wangu ni sherehe zetu wenyewe. Tazameni namna mtaa unavyojiandaa kwa Maulidi. Miezi kabla, watu huketi barazani. Hukadiria wageni, hukadiria mchele, nyama na samli. Kila mtu hutoa kwa kadiri ya uwezo wake. Huchaguliwa wa kupokea wageni, wa kupika, wa kupamba, wa kutunza fedha. Na shughuli ikiisha, mtunza fedha huulizwa kilichoingia na kilichotoka, naye hujibu kwa sababu anajua kesho atakutana na watu hao hao msikitini na sokoni. Yapo humo makadirio, mapato, mgao, na ukaguzi. Huyo bibi ajuaye kukadiria sufuria za kulisha watu mia tano pasi na kupungukiwa wala kumwaga, hawezi kushindwa kuelewa ukomo wa idara ya afya akielezwa kwa lugha yake. Elimu anayo, asichopewa ni tarehe.

Basi rai yangu ni hii, kwa wakazi na kwa watumishi wao. Maofisa wa kaunti wazifuate hadhira pale zilipo: kabla mashua hazijaachiwa, mbio za punda zinapongojewa katika uwanja wa Mkunguni mjini Lamu, baada ya kisomo, siku ya soko, pasomwe kwa sauti tarehe za vikao na mahali vitakapofanyika. Nao wakazi wazihifadhi tarehe tano kama walivyohifadhi wazee miongo yao: 30 Agosti, 1 Septemba, 30 Septemba, 28 Februari, 30 Aprili. Ziandikwe katika karatasi moja, zibandikwe ukutani kando ya kalenda ya nyakati za sala, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba hupita mara tano kwa siku. Na kiangazi kijacho, kabla ya Februari kuisha, wazee wanaoshikwa mkono topeni wakumbukwe kwa barua, ili wakati ukomo unapoandikwa, gati lao liwe limekwisha tajwa.