Kamioneti Inayokataa Gia

Jamaa nyingi za Lubumbashi hula kwa kamioneti moja, mara nyingi Toyota HiAce iliyokwisha kutumika Japani. Siku gia inapokataa, baba hukosa usingizi: aitengeneze, ama aiuze kwa vipande?

Sisi twasema, asiamue kabla fundi hajamwaga mafuta ya gia. Yakiwa yamepungua tu, patafutwe panapovuja. Motere ikivuma sana mlimani na gari lisiongeze mwendo, yamkini sahani ya ambreyaji imelika. Kuibadili ni gharama ndogo kuliko sanduku zima la gia. Lakini vikitoka vipande vya chuma, si unga laini tu, basi meno ama beringi zimevunjika ndani. (Fundi asemaye “gia imekufa” bila kufungua kitu, twamwogopa.)

Hata hapo, tulale kwanza chini ya gari, tugonge shasi kwa nyundo ndogo. Ikiwa ingali imara, sanduku lililotolewa katika gari lililogongwa laweza kuirudisha kamioneti kazini. Ikiwa kutu imeitoboa, fedha za gia zitapotea bure: motere, milango na magurudumu viuzwe mapema, vingali vina bei.