Miaka 30 ya ndoa na safari ya meli

Usiku wa Alhamisi iliyopita tulirejea nyumbani baada ya swala ya Isha, tukawakuta watoto wetu watatu wamekaa barazani kwa adabu isiyo ya kawaida. Wa nne, ambaye anafanya kazi Dubai, alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika la chai. Mama yao alikuwa amekwenda kuwapa pole jirani waliofiwa, na baadaye tulitambua kwamba saa ile haikuangukia tu. Mkubwa wao akaanza: "Shikamoo, Baba. Tuna jambo, lakini tunaomba lisimfikie Mama kwanza."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwezi wa Shawwal ujao, Inshaallah, sisi na mama yao tutatimiza miaka 30 ya ndoa. Watoto wameweka akiba kwa miaka miwili, kila mmoja kwa uwezo wake, na wamekusudia kutupeleka, wao wote na wajukuu wawili, katika safari ya siku saba ndani ya meli kubwa ya kitalii. Tiketi zikatwe kimya kimya, na Mama aambiwe siku ya kuondoka.

Tunakiri, msomaji mpenzi, kwamba furaha ilitangulia fikra. Lakini kwa kuwa tumezoea kujibu maswali ya namna hii yanapoletwa na wengine katika ukurasa huu, hatukuona haki kujipa ruhusa kwa haraka ambayo wengine tusingewapa. Tukawaomba watoto watupe siku chache.

Swali la kwanza ni kumbukumbu yenyewe. Wapo wanazuoni wanaokataza kuadhimisha siku ya ndoa kila mwaka, hoja yao ikiwa kwamba Waislamu wana Idi mbili tu na kwamba ada hii imetoka kwa watu wengine. Wapo wanaosema kwamba lililokatazwa ni kuifanya siku hiyo kuwa ya ibada. Ama chakula, zawadi na matembezi ni katika mambo ya ada, ambayo asili yake ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Sisi tunaelemea kauli ya pili, kwa sharti kwamba tarehe hiyo isigeuzwe kuwa faradhi ambayo mume akiisahau nyumba haikaliki. (Tumesuluhisha kesi za aina hiyo, wala hatusemi kwa kubahatisha.) Kumchangamsha mke safarini si jambo geni katika Sunna. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) wakiwa safarini, Bibi Aisha akashinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, na mara hiyo Mtume akawa mbele, akamkumbusha kwa mzaha yale mashindano ya kwanza.

Swali la pili ndilo lililotunyima usingizi. Mama yao hajahiji. Sisi tulijaaliwa kwenda mwaka 2009 tukiwa tumefuatana na mahujaji, naye akabaki kulea. Je, fedha nyingi kiasi hiki ziende baharini ilhali nguzo ya tano kwake haijasimama? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo katika pwani hii, Hija kwa mwenye uwezo ni wajibu wenye wasaa: anaweza kuichelewesha maadamu ameazimia kwa dhati kuitekeleza na hachelei kwamba afya au mali itamponyoka. Imam Ahmad anasema ni wajibu wa papo hapo. Tena fedha hizi ni za watoto, na Mashafi hawamlazimishi mtu kupokea mali ya mwingine ili awe mwenye uwezo. Kwa hiyo, kwa upande wa fatwa, watoto wana ruhusa ya kutoa zawadi wanayoitaka, na mama yao ana ruhusa ya kuipokea. Hata hivyo, huyu ni mwanamke wa miaka 54 ambaye magoti yameanza kumsumbua anapopanda ngazi. Yule anayetegemea wasaa wa Imam Shafi asisahau lile sharti la afya.

Na lipo la tatu. Mama yao ni mzaliwa wa Pemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander, ikiwa imebeba watu kupita kiasi chake, ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Binti wa shangazi yake alikuwamo, na mwili wake haukupatikana. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Tangu hapo mwenzetu huenda kwao kwa ndege, na akikosa nauli ya ndege hubaki. Huyo ndiye watoto waliyekusudia kumshtukiza na meli.

Hapa tulikumbuka habari ambayo tuliisoma ujanani bila kuipa uzito wake. Sayyidna Umar (R.A.) hakupenda kuwapandisha Waislamu baharini, na Muawiya alipomwomba ruhusa ya kuvuka kwenda Kupro alimkatalia. Sayyidna Uthman (R.A.) ndiye aliyeruhusu, lakini wanahistoria wanasimulia kwamba aliweka masharti: asilazimishwe mtu, aende mwenye kutaka mwenyewe, na Muawiya afuatane na mkewe. Katika msafara huo, mnamo mwaka wa 28 Hijria, alikuwamo Bibi Umm Haram bint Milhan (R.A.) pamoja na mumewe, Ubada bin Samit. Bibi huyo alikuwa amemsikia Mtume (S.A.W.) akieleza ndoto ya watu wa umma wake watakaopanda bahari, akaomba aombewe awe miongoni mwao. Alivuka salama, akafariki nchi kavu baada ya kuanguka kutoka juu ya mnyama wake, na kaburi linalonasibishwa kwake lipo Larnaca, kando ya ziwa la chumvi. Umm Haram alipanda bahari kwa kuomba mwenyewe. Hakushtukizwa na mtu.

Basi tukavunja siri. Tulimweleza mwenzetu yote: meli, akiba ya watoto, Hija na shaka zetu. Alinyamaza kwa muda, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akauliza maswali ambayo hakuna hata mmoja kati yetu, wanaume wa nyumba hii, aliyeyafikiria. "Watu wangapi, na maboya mangapi? Watoto wadogo wana maboya yao? Kengele ikilia usiku, chumba chetu kiko karibu na ngazi gani?"

Ikatubidi kusoma. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa watu baharini ulitungwa mara ya kwanza mwaka 1914, kwa sababu ya kuzama kwa Titanic miaka miwili kabla. Umerekebishwa mara nyingi, na marekebisho ya karibuni yanayomhusu abiria yalitokana na Costa Concordia, meli ya kitalii iliyopasuka kwenye mwamba wa kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda jioni ile ile na hawajafanyishwa zoezi la kujiokoa, kwa kuwa kanuni ya wakati ule iliruhusu zoezi lifanyike ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015 ni lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Kwa hiyo wazazi wasiwaache vijana wao wabaki vyumbani na simu zao wakati wengine wanaonyeshwa mahali pa kukusanyika. Na familia yenye wazee iombe chumba karibu na ngazi tangu siku ya kuweka nafasi, kwani lifti hazitumiki wakati wa dharura.

Meli ipi? Katika meli nyingi za namna hii upo ukumbi wa kamari, na mara nyingine mtu hulazimika kuupita anapokwenda kula. Zipo baa, na mvinyo huingia hata katika mchuzi. Chakula cha halali hupatikana katika baadhi yake kikiombwa mapema, na samaki hana tabu. Watoto wakatutajia meli ya Aroya ya Saudi Arabia, iliyoanza safari zake kutoka Jeddah Desemba 2024 bila ulevi wala kamari, na ambayo imetoa safari fupi za siku chache pamoja na zile ndefu. Kusikia Jeddah, mama yao aliweka ungo chini.

Lakini Jeddah nayo ina masharti. Mwenye nia ya Umra anayetoka kwetu kwa ndege havuki miqat bila ihramu. Kwa hiyo Umra itangulie na meli ifuate, ili tusije tukavuka kwa nguo za matembezi huku nia tunayo moyoni, kisha tukatafuta pa kuchinjia fidia. Pia meli ikigusa bandari ya Misri na kurudi Jeddah, abiria ametoka Saudi Arabia na kuingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, na kila pasi iulizwe peke yake, maana yule wa Dubai ana kibali cha ukazi ambacho sisi hatuna.

Kuhusu fedha tulikuwa wakali kidogo. Bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja kwa chumba cha wawili. Bahashishi ya wahudumu huweza kuongezwa kila siku, matembezi ya nchi kavu hulipiwa mbali, na daktari wa meli si wa bure. Kijana wetu wa pili alitaka kujaza pengo kwa mkopo wa riba wa miezi sita. Tukamwambia kwamba zawadi ya ndoa ya wazazi haiwezi kuanzishwa kwa riba, na kama pengo lipo, safari na ipunguzwe. Hakupenda, lakini alinyamaza.

Ama swala, safarini ni nyepesi. Umbali unaruhusu kupunguza na kukusanya, na msafiri hawajibikiwi na Ijumaa. Faradhi husaliwa kwa kusimama, isipokuwa kwa anayeshindwa au anayehofia kuanguka. Meli ikigeuka, mwenye kuswali hugeuka nayo kuelekea Kibla. Wajukuu wetu, waliozoea hapa Tanga kwamba Kibla ni kaskazini, watastaajabu kukiona kusini mashariki wakiwa upande wa juu wa Bahari ya Shamu. Tumewaahidi kuwafundisha dua ya Nabii Nuhu (A.S.) ya kupanda chombo, iliyomo katika Surat Hud, aya ya 41.

Mwenzetu alitoa jibu lake Jumatatu, mbele ya watoto wote. Anataka Umra, kisha siku tatu za meli, si saba. Fedha zinazobaki ziwekwe kwa jina lake kwa ajili ya Hija, na kila mtoto aendelee kuchangia mpaka zitimie. Yule wa Dubai alijaribu kutetea zile siku saba. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, siku tatu za bahari kwangu ni nyingi kuliko saba zako."

Akaongeza sharti moja ambalo halikuwahusu wao. Kabla watoto hawajalipa chochote, anataka apande boti kwenda Pemba pamoja na sisi, mchana, bahari ikiwa shwari, aone kama moyo wake unaweza. Akishindwa, meli iachwe na Umra ibaki.

Tunaondoka Jumamosi asubuhi. Ameshatia tangawizi kavu katika mkoba, na jana aliwapigia simu watu wa boti kuuliza maboya yanawekwa wapi.