Maumivu ya Mguu Yanapousumbua Moyo

Tuseme mvua ya alasiri imenyesha Nyamira, na pikipiki imeteleza kwenye mteremko karibu na Kebirigo. Mzee wa miaka 68 aliyekuwa amebebwa nyuma amevunjika mfupa wa paja. Hospitalini daktari anasema ni lazima apasuliwe, atiwe chuma ndani ya mfupa. Mkewe anamvuta kijana wake kando na kumnong'oneza: "Mwanangu, baba yako ana presha. Wakimlaza usingizi, moyo si utasimama?"

Kisa hiki tumekitunga, lakini yeyote aliyewahi kuketi kwenye benchi la hospitali Nyamira au Kisii atakitambua. Na hofu ya mama huyo si ya kipuuzi. Moyo mchovu huweza kweli kupata taabu wakati wa upasuaji. Asilolijua ni kwamba adui anayemwogopa alikwisha kuingia tangu pale barabarani, nayo ni maumivu yenyewe.

Mfupa wa paja unapovunjika, damu ya lita moja au zaidi huweza kuvujia ndani ya nyama bila tone kuonekana nje. Mtu mzima ana lita 5 hivi tu. Papo hapo maumivu huuamsha mwili kumimina adrenalini, mapigo ya moyo yakaenda mbio na mishipa ikakaza. Moyo unadai hewa ya oksijeni nyingi zaidi, huku damu ya kuibeba imepungua. Kijana atastahimili. Mzee ambaye mishipa ya moyo wake imekwisha kuwa myembamba anaweza kupata mshtuko wa moyo kabla hata ya kuguswa na kisu.

Hapo ndipo zinapoingia dawa za jamii ya afyuni: mofini, pethidini na fentanili. Dawa hizi hushika vipokezi vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo na kuzima habari za maumivu, hivyo ile adrenalini haimiminwi ovyo. Fentanili, iliyotengenezwa na Paul Janssen wa Ubelgiji mnamo 1960, ina nguvu kama mara 100 za mofini, lakini haiudhoofishi sana msukumo wa moyo. Dawa nyingi za nusukaputi hushusha presha. Mtaalamu akichanganya na fentanili kidogo, huweza kupunguza kiasi cha hizo nyingine.

Jambo hili lilijulikana karibu kwa bahati. Huko Boston, Marekani, madaktari waliona kuwa wagonjwa waliopasuliwa moyo, wakiwa bado wanapumuliwa na mashine, walipewa mofini nyingi bila mioyo yao kuanguka. Edward Lowenstein na wenzake walichapisha habari hiyo mwaka 1969. Mnamo 1996 watafiti wa Milwaukee wakaonyesha kwamba panya waliopewa mofini kabla ya mshipa wa moyo kuzibwa walipoteza sehemu ndogo zaidi ya moyo. Panya si binadamu, na faida hiyo ya pili haijathibitishwa vyema kwetu sisi.

Tena si kila kinachotuliza moyo huulinda. Katika uchunguzi uliotangazwa 2008, wagonjwa zaidi ya 8,000 katika nchi 23 walihusishwa, baadhi yao wakipewa metoprololi, dawa ya kupunguza mapigo. Waliopata mshtuko wa moyo walipungua, lakini waliokufa na waliopooza wakaongezeka.

Afyuni nayo ina hila yake: ikizidi, mgonjwa husahau kupumua. Ndiyo maana kidole hubanwa kifaa cha kupima oksijeni, na naloksoni ya kuizimua huwa karibu.

Wagusii wasikilize hadithi hizi kwa tabasamu. Tangu zamani walikuwa na omobari, fundi wa kufungua fuvu la kichwa, na madaktari waliandika habari zake katika miaka ya 1950. Mgonjwa wake alivumilia bila nusukaputi. Lakini ushujaa wa uso hauuzuii moyo kwenda mbio.

Kwa mguu, mara nyingi mgonjwa halazwi usingizi kabisa. Hudungwa sindano ya ganzi mgongoni, pengine na fentanili kidogo ndani yake, akabaki macho akisikia nyundo ikigonga chuma bila kuumia. Sindano hiyo huweza kushusha presha ghafla, kwa hiyo mtaalamu hukaa tayari na dawa ya kuipandisha.

Yeye hupanga haya yote kwa kutegemea anayoambiwa. Mama, fungasha dawa zote za mzee katika mfuko mmoja uzipeleke, pamoja na za mitishamba. Ikiwa hunywa chang'aa, sema, hata kama mkwe yuko karibu. Na asile chochote kwa saa 6 kabla ya kupasuliwa.

Baada ya upasuaji, siku mbili tatu za kwanza ndizo za kuangaliwa zaidi. Mofini inayotuliza mguu huweza kuficha pia maumivu ya kifua, na wengi wanaopata mshtuko wa moyo siku hizo hawalalamiki kifua hata kidogo. Mzee akitweta, akitokwa na jasho baridi au akianza kuwaita wanawe kwa majina yasiyo yao, muuguzi aitwe saa ileile.