Usafi Katika Vitengo vya Kusafisha Damu

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa kawaida husafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara. Kila anapofika hudungwa sindano nene au hufunguliwa katheta, huku kinga ya mwili wake ikiwa dhaifu. Bakteria wakipenya hapo huingia moja kwa moja kwenye damu.

Virusi vya homa ya ini navyo ni tishio. Virusi vya aina ya B huweza kudumu siku 7 au zaidi juu ya kitu kikavu, hata pasipoonekana doa la damu. Mwaka 1969 na 1970, mlipuko wa ugonjwa huo huko Edinburgh uliua wagonjwa na watumishi wa kitengo kimoja, na mwaka 1972 Uingereza ikapata mwongozo wa kuukabili.

Kanuni zinajulikana. Mdomo wa katheta husuguliwa kwa dawa yenye spiriti, kisha huachwa ukauke. Dawa za sindano huandaliwa mbali na viti vya wagonjwa. Kiti na mashine hufutwa kwa dawa ya klorini kabla mgonjwa mwingine hajaketi. Mwenye homa ya ini B hutengewa chumba na mashine yake.

Kanuni hizo huvunjwa zaidi kazi inapozidi. Muuguzi anachomoa sindano, kengele ya mashine ya jirani inalia, naye anakwenda kubonyeza kitufe akiwa na glovu zilezile. Glovu zimemkinga yeye, lakini zimehamisha damu ya mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine. Alipaswa kuzivua, kutakasa mikono na kuvaa nyingine.

Kumkaripia hakutoshi. Vitakasa mikono viwe karibu na kila kiti, wauguzi watosheleze idadi ya wagonjwa, na muda wa usafi kati ya zamu usiporwe. Msimamizi aangalie kazi kwa orodha maalumu na kuwapa wenzake matokeo bila kuwaaibisha. Watumishi wote wachanjwe dhidi ya homa ya ini B. Mgonjwa naye afundishwe kanuni hizi, awe huru kumkumbusha muuguzi kutakasa mikono kabla ya kumgusa.